Seti ya Kwanza ya Elektroniki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuanza kujichezea na elektroniki nyumbani, hajawahi kushika rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme), na kila seti anayoiangalia inamwahidi mambo yale yale. Maswali hayana ngazi. Soma linalokuhusu, mengine yaruke.

Nipe jibu la haraka. Ninunue nini?

Kama hamu yako ni kuelewa saketi zinavyofanya kazi, nunua seti ya bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea vipande) yenye rezista, LED (taa ndogo), kapasita (huhifadhi chaji), transista (swichi ya umeme) na chipu moja mbili, iwe na kitabu kinachoeleza vizuri, kisha uongeze multimita (kifaa cha kupima umeme) ya bei ya chini. Kama unachotaka hasa ni kuandika programu ikatenda jambo la kushikika, mfano taa iwake giza likiingia au pampu imwagilie mche udongo ukikauka, nunua seti yenye bodi ya programu (kompyuta ndogo ya ubao mmoja), aina ya Arduino Uno au micro:bit.

Hujui uko upande gani? Chukua seti ya Uno ambayo ndani yake kuna bredibodi na vipande vya kawaida vya kutosha. Bodi hiyo inatoa volti 5 kutoka kwenye USB, kwa hiyo wiki za mwanzo unaweza kuitumia kama chanzo cha umeme tu na kuisahau programu kabisa.

Kinachoamua kama seti itakufaa au itaishia kabatini ni kitabu chake cha maelekezo. Hilo lina swali lake hapa chini, na ndilo ningeomba usiliruke.

Seti ziko za aina gani?

Kuna za kubana, ambazo kila kipande kimefungwa kwenye plastiki na kinashikana na kingine kwa kifungo kama cha koti. Snap Circuits ndiyo inayojulikana zaidi. Ni vigumu kuzikosea na watoto wanazipenda, ila ukimaliza michoro ya kitabu hakuna mahali pa kwenda, maana vipande vya kawaida vinavyouzwa kimoja kimoja haviingii humo kirahisi.

Kuna za bredibodi, ambazo vipande ni vile vile vinavyotumika kwenye vifaa halisi na unavichomeka bila kulehemu. Kuna za kulehemu: unapewa bodi iliyokwisha kuchapwa njia za umeme pamoja na vipande vyake, unavilehemu, mwishowe unapata saa, redio au king'ora kinachofanya kazi. Halafu kuna za bodi ya programu, ambazo nyingi huja na bredibodi humo humo.

Seti yenye vipande 400 si bora kuliko ya vipande 100?

Hesabu hiyo hupikwa. Fungua orodha ya vilivyomo uone: rezista zinaweza kuwa 200 peke yake, waya zikahesabiwa moja moja, na ukanda mmoja wa pini ukaandikwa kuwa pini 40. Idadi inapanda, na kazi unazoweza kufanya zinabaki zile zile.

Angalia aina, usiangalie jumla. LED ziwe kumi hivi au zaidi, kwa sababu utaunguza baadhi na hilo ni jambo la kawaida. Rezista ziwe za thamani mbalimbali, angalau omu (kipimo cha ukinzani) 220, 470, 1,000, 10,000 na 100,000. Kuwe na kapasita ndogo za kauri na kubwa za silinda, transista mbili tatu, vitufe, poteshomita (rezista ya kuzungusha), rezista inayobadilika kwa mwanga, na kitoa mlio. Chipu ya 555, ya kupima muda, ikiwemo, nitafurahi zaidi. Sensa ya joto ni nyongeza nzuri. Skrini ndogo inapendeza lakini inaweza kusubiri.

Kaa mbali na yale masanduku ya sensa 37 yasiyo na bredibodi wala maelezo. Yanaonekana kama hazina, lakini ni ya mtu anayejua tayari anachotafuta. Anayeanza hufungua, akaona vibodi vidogo vinavyofanana vyenye herufi mbili tatu juu yake, akafunga.

Kitabu kizuri nitakijuaje kabla ya kulipa?

Watengenezaji wengi huweka kitabu chao mtandaoni bure. Kitafute na ukisome kabla ya kununua. Kama hakipatikani popote, hiyo nayo ni habari.

Usisome mradi wa kwanza, kwa sababu wa kwanza huwa mzuri katika kila kitabu. Nenda wa nne au wa tano. Je, kinakuambia kwa nini rezista ile iko pale, au kinasema tu "chomeka rezista kwenye tundu la 12"? Kwa maelekezo ya aina ya pili utamaliza miradi yote thelathini bila kuweza kubuni hata mmoja wa kwako. Tafuta pia kama kila mradi una mchoro wa saketi wenye alama za kitaalamu pamoja na picha ya bredibodi, maana alama zile ndizo utakazokutana nazo kwingine kote. Na kuwe na sehemu inayosema ufanye nini taa isipowaka.

Kisha linganisha picha na vilivyomo sandukuni. Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua sababu. Mfano wa kawaida ni rezista: kitabu kinaonyesha zenye mistari minne, sandukuni zimo za bluu zenye mistari mitano. Omu 470 kwa mistari minne ni njano, zambarau, kahawia, kisha dhahabu. Kwa mistari mitano ni njano, zambarau, nyeusi, nyeusi, kisha kahawia. Ni thamani ile ile, ila mgeni ataapa kwamba amepewa vipande visivyo vyake.

Transista ni mbaya zaidi. BC547 na 2N3904 zinafanana kwa umbo na mara nyingi zinafanya kazi moja, lakini miguu yake imepangwa kinyume. Upande bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, BC547 inaanza na kolekta kushoto, 2N3904 inaanza na emita (hayo ni majina ya miguu ya transista). Kitabu kikichora moja na sanduku likawa na nyingine, saketi haitafanya kazi inavyotakiwa na hutaona kosa kwa macho.

Lazima niwe mzuri wa hesabu?

Kugawanya na kuzidisha kunatosha kwa muda mrefu. Kanuni utakayoitumia kila siku ni ya Georg Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827: volti ni sawa na mkondo mara ukinzani.

Tuseme una betri ya volti 9 na LED nyekundu. LED hiyo inachukua karibu volti 2, kwa hiyo zinabaki 7 ambazo lazima rezista izibebe. Unataka mkondo wa miliampea 15, yaani ampea 0.015. Gawanya 7 kwa 0.015, unapata omu 467. Thamani ya karibu inayouzwa ni 470. Ukitumia volti 5 badala ya 9, zinabaki volti 3, jibu ni 200, unachukua 220. LED ya bluu au nyeupe inachukua karibu volti 3, basi hesabu inabadilika kidogo, na sasa unajua jinsi ya kuibadilisha mwenyewe.

Bila rezista, LED inavuta mkondo kupita uwezo wake. Itang'aa sana kwa muda mfupi, kisha basi.

Hiyo bredibodi inafanyaje kazi?

Ni ubao wa plastiki wenye matundu yaliyoachana milimita 2.54, ambayo ndiyo nafasi ya miguu ya chipu nyingi za kuchomeka. Ndani yake kuna vibanio vya chuma. Katikati, kila safu ya matundu matano imeunganishwa kwa chini, na mfereji unaopita katikati ya ubao hutenganisha matano ya upande huu na matano ya upande ule. Chipu hukaa juu ya mfereji huo, nusu ya miguu huku, nusu kule. Pembeni kuna njia ndefu za chanya na hasi.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuchomeka miguu yote miwili ya LED kwenye safu moja ya matano: umeme unapita chini kwa chini kwenye chuma na LED haioni kitu. La pili linawapata wenye ubao mrefu: kwenye baadhi ya bao ndefu, njia za pembeni zimekatika katikati. Ukiona mstari mwekundu uliochorwa umeachia pengo nusu ya njia, jua na chuma cha chini kimekatika hapo, na unahitaji kipande cha waya kuunganisha.

Ongeza na kitufe cha miguu minne. Miguu yake imeunganishwa wawili wawili kwa ndani, kwa hiyo ukikichomeka kimegeuka robo mzunguko kitakuwa kama kimebonyezwa muda wote. Kitoe, kigeuze, kirudishe.

Arduino, micro:bit au Raspberry Pi Pico?

Arduino ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na ilikusudiwa wanafunzi wa usanifu wasio na elimu ya uhandisi. Bodi ya Uno ilitoka 2010. Ina pini 14 za dijitali, 6 za kusoma volteji inayopanda na kushuka, na inatumia volti 5. Faida yake kubwa kwa sasa ni umri: karibu kila swali utakalokuwa nalo limekwisha kuulizwa na kujibiwa. Angalia kitu kimoja tu. Uno za zamani hadi R3 zinashauriwa zisitoe zaidi ya miliampea 20 kwa kila pini, lakini Uno R4 ya mwaka 2023 kikomo chake ni 8. Rezista ya omu 220 ambayo vitabu vingi vinaitaja kwa LED inapitisha karibu 14. Kwenye R4 weka 470.

Micro:bit ilitengenezwa kwa ajili ya shule na ikagawiwa bure kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12 nchini Uingereza mwaka 2016. Ina LED 25 usoni, vitufe viwili, na sensa ya mwendo na ya dira zikiwa ndani tayari, kwa hiyo unaweza kufanya miradi kadhaa kabla ya kugusa waya hata mmoja. Toleo la 2020 liliongeza spika na maikrofoni. Programu yake unaweza kuipanga kwa vitalu vya rangi bila kuandika mstari. Kwa mtoto, au mtu mzima anayeogopa kuandika programu, ndiyo ningeichagua. Kwa kujifunza saketi zenyewe, inakuficha mengi.

Pico ya mwaka 2021 ni ndogo, rahisi na yenye nguvu, na inapokea lugha ya programu ya MicroPython. Ina mitego miwili kwa anayeanza. Inatumia volti 3.3, kwa hiyo sensa inayorudisha volti 5 inaweza kuiharibu. Halafu Pico ya kawaida huuzwa bila pini. Kama huna cha kulehemu, huwezi kuichomeka kwenye bredibodi. Tafuta yenye herufi H kwenye jina, hiyo ina pini tayari.

Bodi za kunakili zinafaa?

Uno zina michoro iliyo wazi kwa umma na kunakili kunaruhusiwa, mradi jina na nembo ya Arduino visitumiwe. Nyingi zinafanya kazi vizuri. Nakala nyingi hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta, na baadhi ya kompyuta zitakudai uweke draiva yake (programu ndogo ya kuitambua) kwanza.

Kabla ya kuilaumu bodi, badilisha kebo. Kebo nyingi za USB zilizokuja na vifaa vya kuchajiwa hazina waya za data: taa ya bodi inawaka, kompyuta haioni kitu, na mtu anapoteza jioni nzima akifuta na kuweka programu upya.

Sina kompyuta. Niache?

Usiache. Seti ya bredibodi ya saketi za kawaida haihitaji kompyuta, na micro:bit inaweza kupangwa kutoka kwenye simu kwa Bluetooth.

Nianze na kulehemu moja kwa moja?

Sioni sababu. Bredibodi inakuruhusu kukosea na kung'oa. Lehemu haisamehi upesi hivyo. Ila kuna watu ambao hawapendi kitu kisichobaki. Wanataka mwishoni kuwe na saa juu ya meza. Kama ndivyo ulivyo, seti ndogo ya kulehemu yenye vipande visivyozidi thelathini ni chaguo halali kabisa.

Lehemu ya bati na risasi ya 60/40 inaanza kuyeyuka nyuzi 183 za Selsiasi, isiyo na risasi karibu 217, na ncha ya kifaa huwekwa mara nyingi karibu nyuzi 350. Pasha mguu wa kipande na duara la bodi kwa pamoja, kisha gusisha lehemu hapo, wala usiiyeyushe kwenye ncha ukaja kuipaka. Ikishika vizuri hutambaa na kuacha kilima kidogo kinachong'aa, hasa ile yenye risasi. Ikibaki kama tone lililosimama peke yake, haijashika. Fungua dirisha kwa ajili ya moshi wa dawa iliyomo, na unawe mikono kabla ya kula.

Multimita ni lazima?

Kwa maoni yangu ndiyo, kuliko sensa yoyote. Bila mita unakisia. Ya bei ya chini inatosha, mradi iwe na kipimo cha volti za DC, omu, na kile cha mlio kinachoonyesha kama waya umekatika.

Jambo la kuchunga ni kipimo cha ampea. Ukihamishia waya mwekundu kwenye tundu la ampea kisha ukagusisha ncha mbili kwenye betri, umepiga shoti, na fyuzi ya mita inaungua kama una bahati. Ampea hupimwa kwa kukata saketi na kuiweka mita katikati. Ukimaliza, rudisha waya mahali pake hapo hapo.

Betri gani?

Seti nyingi huja na kishikizi cha betri ya volti 9 ya mstatili. Kwa LED na 555 inafaa. Kwa mota haifai: ya alkalini hubeba takriban miliampea-saa 500, wakati AA hubeba zaidi ya 2,000, na ukiivuta kwa nguvu volti zake zinaporomoka. Bodi inajizima na kujiwasha, nawe unadhani programu ina kosa. Kishikizi cha AA nne, yaani volti 6, ni bora kwa kazi nyingi.

Betri za lithiamu za kuchaji ziache kwanza. Zikipigwa shoti hutoa mkondo mkubwa na zinaweza kuwaka moto.

Kuna hatari ya kupigwa na umeme?

Kwa betri za volti 9 kushuka chini, ngozi kavu haipitishi mkondo wa kukudhuru. Unachoweza kupata ni kuungua kidole kwa kipande kilichopata joto. Umeme wa ukutani ni habari nyingine kabisa: usiuguse katika hatua hii, hata kama seti ina relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoandikwa volti 250. Vilevile usifungue kamera yenye flashi, tanuri la maikrowevu au adapta ya umeme ukitafuta vipuri. Kapasita zilizomo zinaweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomoa.

Mtoto aanze na umri gani?

Fuata umri ulioandikwa kwenye sanduku, na usidanganyike kwamba wako ni mwerevu kuliko wenzake. Umri huo unahusu pia vipande vya kumezwa. Betri za kitufe ndizo za kuogopwa kuliko zote. Ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na ni dharura ya kwenda hospitali bila kusubiri dalili.

Nimeunganisha kila kitu na hakuna kinachowaka. Nimeunguza?

Pengine hapana. Anza na umeme: pima volti kwenye njia za pembeni za bredibodi, maana betri yenyewe kuonyesha 9 haimaanishi 9 zimefika. Kisha geuza LED. Mguu mrefu ndio chanya, na kama miguu imekatwa, tafuta sehemu iliyobapa kwenye ukingo wa kichwa chake, huo ni upande wa hasi. Kapasita za silinda zina mstari upande wa hasi. Chipu ina kibonyeo au nukta kuonyesha pini ya kwanza, na pini huhesabiwa kuzunguka kinyume cha saa ukiitazama kwa juu. Mwisho hesabu matundu upya, kwa kidole. Waya uliokaa tundu moja pembeni ya mahali pake ndio chanzo cha shida nyingi kuliko vipande vibovu.

Je, nijaribu bure kabla ya kununua?

Jaribu. Tinkercad ina bredibodi, betri, 555, Uno na micro:bit ndani ya kivinjari, na LED ukiiunganisha bila rezista inakuonya. Wokwi inafaa kwa upande wa programu. Ukiona umekaa nayo jioni mbili tatu bila kuchoka, nunua.

Nimemaliza miradi ya kitabu. Sasa?

Rudi kwenye mmoja na ubadilishe namba. Chukua saketi ya kumulika LED kwa 555, chipu iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na inayotengenezwa hadi leo. Ukiweka rezista ya kwanza omu 10,000, ya pili 68,000 na kapasita ya mikrofaradi 10, LED itamulika karibu mara moja kwa sekunde, maana marudio ni 1.44 ugawe kwa jumla ya rezista ya kwanza na mara mbili ya rezista ya pili, kisha ugawe tena kwa kapasita (kwa faradi). Weka kapasita ya mikrofaradi 100, sasa mzunguko mmoja unachukua sekunde kumi hivi. Halafu iondoe, weka ya nanofaradi 10, na mahali pa LED na rezista yake weka kitoa mlio cha aina isiyo na saketi ndani. Utasikia sauti ya karibu hezi 1,000. Sasa badilisha rezista ya pili kwa poteshomita ya omu 100,000, uizungushe.